Moshi Usifike Mlingotini

Shemeji yangu Dualeh alinifukuza kabla hata hajanijua jina. Nilikuwa natoka Garba Tulla na lori la ng'ombe, nimesimama pembeni mwa kiwanja cha ndege nipumzike kabla ya kuingia mjini, na injini nimeiacha ikinguruma kwa sababu stata ilikuwa imekufa na nikiizima ndio basi. Mtu mrefu mwembamba akatokea gizani, kikoi amekikunja hadi magotini, akaniambia nizime au niondoke. Nikamwuliza yeye ni askari wa nani. Akasema ni askari wa hewa. Nilicheka mpaka nikakohoa. Sikujua kwamba mtu huyo angekuja kumwoa dada yangu, wala kwamba kuna siku ningetamani kumpiga kwa mkono huu huu ninaoshikia usukani.

Dualeh Shuriye ni Msomali wa Isiolo hasa. Babu yake alikuja na jeshi la Waingereza, vita vikaisha, akapewa mahali pa kukaa hapa, naye akakaa. Baba yake alifanya biashara ya lori, na Dualeh akakulia chini ya lori hilo, uso juu, akidondokewa na oili. Lori lilipokufa akabaki fundi asiye na kitu cha kutengeneza. Kwa hiyo mwaka wa 1976 watu wa mradi wa kupima hewa walipokuja kutafuta mtu anayeelewa betri na pampu, tena anayeweza kukesha, walimkuta ameketi kwenye baraza la watu, mikono mitupu.

Kazi yenyewe ilichekwa sana mjini. Nje kidogo ya mtaa wa Kiwanjani walisimamisha mlingoti wa chuma, mrefu kuliko mti wowote wa huku, wenye mrija unaovuta hewa kutoka juu na kuiteremsha mpaka kwenye kibanda. Ndani ya kibanda mlikuwa na mashine zenye kalamu, na kila kalamu ilichora mstari wake kwenye karatasi iliyojiviringisha polepole usiku kucha. Mlingoti kama huo ulikuwa tayari pwani, ukipokea hewa inapotoka baharini. Wakubwa wa mradi walitaka kujua hewa hiyo, ikishavuka nchi kavu na kufika kwetu, imebeba gesi gani. Gesi zenyewe ni chache mno, ukitajiwa kiasi chake unadhani unafanyiwa mzaha. Walitaka usiku kwa sababu mchana jua na upepo wa Isiolo hukoroga kila kitu. Usiku hewa hutulia, kama chai iliyoachwa kwenye birika mpaka majani yakashuka chini. Na walitaka iwe mwaka baada ya mwaka, bila kukatika, kwa kuwa hewa haionyeshi mambo yake kwa msimu mmoja.

Sharti lilikuwa moja: usiku, moshi usifike mlingotini. Dualeh alilishika kama mtu anavyoshika saumu. Aliacha sigara. Chakula cha jioni alikila kabla ya magharibi, jiko likazimwa kwa maji. Alijua kila nyumba ya Kiwanjani inapika na kuni gani. Upepo wetu mara nyingi hutoka kusini mashariki, na nyumba aliyopewa na mradi ilikuwa upande ule upepo unakokwenda, basi moshi wake mwenyewe haukuwa na neno. Taabu ilikuwa usiku ambao upepo umelala. Hapo moshi hutambaa chini chini, hujui utaelekea wapi, na shemeji yangu huzunguka nao, kichwa juu, ananusa. Vijana wakambandika jina la Pua, likamganda.

Mimi nami nilikuwa na amri yangu. Lori niliegeshe ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, hata kama nimemletea dada yangu mahindi. Nilikanyaga mchanga wa laga hilo na magunia mgongoni miaka nenda miaka rudi, nikimtukana kwa Kiborana ili asielewe. Alielewa vizuri sana.

Alimwoa Qabale mwaka wa 1979. Dada yangu si mtu wa maneno mengi. Ukimkosea hanuni wala hagombi, anakutazama tu, na wewe mwenyewe unaanza kutafuta kofia yako uondoke. Walipendana, hilo sitalificha. Lakini mtoto wao wa kwanza alikufa kabla hajapewa jina, na wa pili alifikia kutabasamu tu.

Kwetu mwanamke akizaa hukaa ndani siku arobaini. Moto hauzimwi, mchana na usiku, na hufukizwa yeye na mtoto kwa ubani na manemane ili ubaya usipate pa kuingilia. Wakati wa yule mtoto wa pili kuni zilikuwa haba, na usiku mwingine moto ulikufa wenyewe. Qabale hakusahau. Alipopata mimba ya tatu alitangaza mbele yetu sote kwamba safari hii moto utawaka mpaka siku ya mwisho, na yule asiyetaka moshi akatafute nyumba nyingine. Sote tulimtazama Dualeh. Dualeh alitazama viatu vyake.

Maskini, alikuwa na hofu yake nyingine. Mtaalamu wa mradi alikuwa mwanamke Mmeru, jina lake Gaceri, mwenye mwendo wa haraka, aliyekuja kutoka Nairobi kila baada ya miezi kadhaa kukagua mashine na kubeba karatasi. Safari yake ya mwisho kabla ya uzazi alimwambia Dualeh kwamba fedha za mradi zinapunguzwa, na huenda mlingoti mmoja ukabaki, wa kwetu au wa pwani. Wakubwa wanauliza kama hewa ya Isiolo ni safi ya kutosha. Alisema hivyo akifunga buti ya gari lake, kama mtu anayetaja bei ya sukari, kisha akaondoka. Dualeh hakulala vizuri tena baada ya siku hiyo. Miaka minane ya kunusa, na sasa nyumbani kwake mwenyewe kulikuwa kunakuja moto wa siku arobaini.

Mtoto akazaliwa, msichana, wakamwita Umulkheir. Alilia kwa nguvu mpaka nje, na mimi niliyekuwa nimeketi kwenye jiwe nikisubiri nilisikia machozi yananitoka, nikasingizia vumbi.

Moto ukawashwa. Siku za kwanza upepo ulikuwa mzuri. Kisha ukalala, na alfajiri moja Dualeh akakuta kalamu ya pili, ile ya gesi ya moshi, imepandisha kilima kidogo kwenye karatasi. Akaenda kumwomba Qabale moto uzimwe usiku tu, usiku ambao hauna upepo. Nilikuwepo mlangoni, nikasikia jibu lake.

"Wale wawili nilizika mimi," Qabale alisema. "Wewe ulikuwa kwa mlingoti."

Hakuomba tena. Ningekuwa mimi ningeuacha mlingoti uende zake, lakini mimi sikuwahi kukaa miaka kwenye baraza la watu nikingoja kazi. Dualeh alitaka vyote viwili: moto usizimwe, na moshi usitoke. Mshika mbili moja humponyoka, tunasema, ila yeye ni fundi, na fundi haamini methali mpaka ajaribu. Akaanza kuziba.

Aliziba kwanza nafasi kati ya ukuta na mabati, kwa magunia. Akaziba dirisha kwa ubao, akaupaka udongo kando kando. Chini ya mlango akaweka blanketi lililoloweshwa. Kuni akaziondoa, akaleta makaa, maana makaa, alisema, hayana moshi. Alinionyesha kazi yake kwa furaha kama mtu aliyejenga nyumba mpya. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," akaniambia. Nami nikamjibu kwamba penye moshi hapakosi moto, na pale kwake palikuwa na moto usio na moshi, kwa hiyo hata methali zimemkimbia. Tukacheka wote wawili, mimi na yeye. Nikikumbuka kicheko hicho mwili unanisisimka.

Qabale akaanza kuumwa kichwa. Kila asubuhi kichwa, na kichefuchefu, na miguu mizito. Shangazi yetu aliyekuwa akilala naye kumtunza aliumwa vilevile. Akasema nyumba ile ina jicho la mtu, akafunga virago vyake akarudi mjini, akaagiza ubani uongezwe. Ukaongezwa. Kichwa kikazidi. Makaa yakaongezwa. Na kila ubani ulipozidi, Dualeh alitafuta ufa mwingine, akauziba.

Mtoto aliacha kulia. Wanawake waliokuja kumwona walimsifu: mtoto mpole, hasumbui, analala tu. Mimi sikuipenda sifa hiyo. Nilipita adhuhuri moja kabla ya safari, nikainama kuingia, na joto la chumba likanipokea kama tanuri la mikate. Nikauliza kwa nini hawafungui hata kidogo. Nikaambiwa wanaume hawana habari na uzazi. Nikamgusa mtoto shavu. Aligeuza kichwa polepole, kama mzee, akarudi kulala. Mbona yule aliyezaliwa alikuwa analia mpaka nje? Niliondoka kwenda Garba Tulla na hofu ambayo sikuweza kumweleza mtu, na njia nzima nilimgombeza utingo wangu kwa makosa ambayo hakufanya.

Nilirudi usiku wa pili. Nikaegesha ng'ambo ya laga kama ilivyoamriwa, nikavuka mchanga kwa miguu, nikamkuta Dualeh ameketi mlangoni mwa kibanda. Upepo ulikuwa umelala kabisa. Alikuwa anatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu Gaceri aseme yale maneno. Akanivuta ndani, akamulika kalamu ya pili kwa tochi. Mstari ulikuwa umenyooka. Akasema usiku huu hata pua yake haijapata kitu, hata ubani, ambao siku nyingine ulikuwa ukipenya kidogo.

Nikasema kumtania kwamba basi dada yangu amemhurumia hatimaye, amezima moto.

"Hawezi kuzima," akasema.

"Sasa kama hajazima, hiyo moshi iko wapi?"

Niliuliza nikicheka. Yeye hakucheka. Aliniangalia, kisha akaiangalia ile kalamu, na nikaona uso wa mtu unavyoweza kuisha damu. Tochi ikamtoka mkononi. Alikuwa ameshatoka kabla haijagonga chini.

Nilimfuata nikikimbia bila kujua ninakimbilia nini. Mlango wa nyumba yake ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Aligonga, akaita, Qabale, Qabale, kisha akamwita mtoto kwa jina, mtoto ambaye hajui hata kuitika. Hakuna sauti. Akarukia dirisha, akaanza kuchimba ule udongo wake mwenyewe kwa kucha. Mimi niliupiga mlango kwa bega mpaka komeo likakatika.

Hakukuwa na moshi wa kuonekana. Jambo hilo linanitisha mpaka leo. Chumba kilikuwa kimetulia, makaa mekundu, mazuri, na dada yangu amelala chali, mashavu yake yana rangi nzuri kuliko siku zote. Nilimkokota kwa mikono miwili. Dualeh alimchukua mtoto, akatoka naye, akapiga magoti kwenye mchanga akimpepea kwa kofia yake. Qabale alitapika, akaguna. Alikuwa hai. Mtoto alikuwa kama kitambaa. Dualeh alimwekea sikio kifuani, akaliondoa, akaliweka tena. Aliniambia kwa sauti ndogo nilete lori.

Lori lilikuwa ng'ambo ya laga. Sijawahi kuuchukia mchanga kama usiku ule. Kila hatua ulinivuta nyuma, na nilimlaani Dualeh, na mlingoti wake, na pwani yote na bahari yake. Nilipoliwasha sikuzunguka njia ya mbali. Nilikata moja kwa moja, nikapita chini ya mlingoti wenyewe, moshi mweusi wa dizeli umejaa nyuma yangu. Dualeh alisimama katikati ya njia na mtoto mkononi, akanipungia nije, nije hapo hapo, mahali ambapo hakuwahi kuruhusu hata taa ya chemli.

Hospitalini walimwekea Umulkheir mfuniko mdogo puani na kumfungulia hewa ya mtungi. Daktari msaidizi alituuliza jiko lilikuwa la nini. Tulipomwambia makaa, akatikisa kichwa, akalitaja jina la ile gesi ambayo haina rangi wala harufu. Dualeh alisema analijua. Alilisema pamoja naye, neno kwa neno, kwa kuwa Gaceri alimfundisha tangu mwanzo: ndiyo gesi ya kalamu ya pili. Kisha akaketi sakafuni, mgongo ukutani, na hakuyaondoa macho kwenye ule mtungi mpaka jua lilipotoka. Alikuwa akiomba, midomo tu ndiyo inacheza. Mimi nilitaka kumpiga, na niliketi kando yake ili nisimpige.

Asubuhi mtoto alilia. Sauti ya kukwaruza, ya hasira. Sijasikia kitu kitamu kama hicho.

Qabale alimalizia arobaini yake kwa mama yetu, mjini, moto mdogo na dirisha wazi. Hakumlaumu mumewe. Alimtazama tu. Mimi ndiye niliyelaumu, mwezi mzima, kwa yeyote aliyenisikiliza. Dualeh aliendelea kwenda mlingotini kila jioni, akijua kwamba kazi yake imekwisha, akingoja tu Gaceri aje kuisoma karatasi. Kwa maana kalamu ya pili, usiku ule, mlango ulipofunguliwa na lori likapita, ilikuwa imepanda mpaka ukingoni mwa karatasi, ikakaa huko. Aliniambia angeweza kusema mashine iliharibika. Hakutaka. Alisema hawezi kudanganya kwamba usiku ule haukuwepo.

Gaceri alikuja siku Qabale amerudi nyumbani. Tulikuwa wote nje ya kibanda, dada yangu amesimama na Umulkheir begani. Gaceri aliikunjua karatasi juu ya boneti ya gari, akaipitisha mikononi usiku baada ya usiku, mpaka akafika pale. Akauliza ni nini hiki.

"Hiyo ni binti yangu," Dualeh alisema. "Na mama yake."

Akamweleza yote, hakuficha kitu, wala magunia, wala udongo, wala makaa. Gaceri aliacha kuikunja karatasi. Alimwangalia mtoto kwa muda mrefu, akasema pole, na akasema tena pole. Kisha, kama mtu anayetaka kumwondolea mwenzake mzigo, akachomoa kalamu ya risasi kutoka nyuma ya sikio, akapiga mstari mmoja juu ya usiku ule, na mwingine juu ya kile kilima kidogo cha mwanzo.

"Usiku ikichafuka tunakata tu, Bwana Dualeh," akasema. "Hata pwani wanakata, kila mwezi. Hakuna mtu anafutwa kwa hiyo."

Dualeh akamwuliza tangu lini. Akasema tangu mwanzo. Nairobi ndiko wanakofanya hivyo, hakuwahi kufikiri kwamba mtu wa huku anahitaji kuambiwa. Aliyasema kwa upole, na nadhani wakati anayasema ndipo yeye mwenyewe alipoyasikia, kwa sababu sauti ilimpungukia njiani.

 Miaka yote ile ya chakula baridi, na kunusa, na kuzungukia nyumba za watu. Watoto wa dada yangu, wawili ardhini, na huyu aliyekuwa karibu kuwafuata. Dualeh alikuwa akiutazama ule mstari wa kalamu. Ulikuwa mwembamba, hata haukunyooka.

Ndipo Qabale aliposogea, akanyoosha mkono mbele ya Gaceri. Hakuwa na hasira usoni.

"Hiyo kalamu ya kukatia," alisema, "tuachie hapa."

Gaceri aliitoa. Dualeh hakuweza kuinua mkono kuipokea, kwa hiyo niliipokea mimi. Mlingoti ulibaki, na Dualeh yuko nao mpaka leo, analinda hewa yake kama kawaida, na lori langu bado naliegesha ng'ambo ya laga. Lakini lile dirisha hakulirudishia hata ubao. Mvua ikinyesha inaingia ndani, Qabale anapangusa.